Mchikichi wa Déogratias

Godelieve alimpiga Bienfait mbele ya watu, kwa ubapa wa panga, mgongoni, mpaka shati likapasuka. Hakuna aliyeingilia. Mwanamke huyu, Mama Déo kwa mtaa mzima, huuza mafuta ya mawese sokoni Baraka, mikono yake imekomaa kwa kutwanga ngazi, matunda ya mchikichi, na akikasirika hata vijana wa pikipiki humpisha.

Kosa la Bienfait lilikuwa la ulafi tu. Yeye ni mgema. Upepo ulipoangusha mchikichi mmoja wa mtaa, aliuacha ulale hapo uoze, auparue mabuu yakishanenepa. Mabuu hayo, mpose, yakikaangwa na chumvi watu hugombania sahani, na ndivyo tulivyolelewa sote. Ila safari hii gogoni mlikuwa na mdudu mgeni, mwekundu, mwenye pua ndefu, aliyeingia na miche iliyoletwa kwa boti. Watoto wake wanafanana na mpose kama mapacha. Akipata mti mzima, huutafuna kutoka ndani hadi kichwa kidondoke. Agronome, bwana shamba wetu, alishasema: mti ulioingiliwa ukatwe, uchomwe siku hiyohiyo.

"Mi nilizani iko mpose tu, Mama Déo," Bienfait alisema akiwa chini.

"We unazani na tumbo. Leta shoka."

Michikichi ile ilipandwa na mababu walioanzisha mtaa, safu moja kutoka barabarani hadi ziwani. Vita vyote vimeipiga risasi. Pitisha vidole kwenye vigogo utaona. Kila familia ina wake, na mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa shinani, ili popote aendapo ajue pa kurudi. Kwa hiyo kuukata ni kama kumchinja ndugu. Godelieve aliichinja yote iliyoingiliwa, ili safu iliyobaki ipone. Immaculée, jirani yake, alipoukumbatia wa kwao asiuachie, alimng'oa pale kwa nywele, kisha akautia moto.

Wake haukuguswa. Chini yake kuna kitovu cha Déogratias, mwanawe pekee, aliyekamatwa na watu wenye bunduki kwenye njia ya Misisi asionekane tena. Majirani walipokuja na mikeka kukaa matanga, aliwafukuza kwa kuni inayowaka. Mwanangu hajafa, aliwaambia, mti wake si huu umesimama.

Asubuhi moja Bienfait, akikagua safu, aliona udongo mbichi umebandikwa kwenye kigogo hicho. Akaukwangua. Maji ya kahawia yenye harufu ya pombe iliyochacha yakamchuruzikia mkononi. Godelieve alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama Déo, uliona hii?"

Aliona. Aliona kabla ya watu wote, akaziba tundu kwa udongo na majivu, huku akienda kukata miti ya wenzake.

"Toka apo."

"Badudu batatoka humu, bataingia mu miti ya wengine. Ni we ulitufundisha ivyo."

Panga likashuka, na mara hii si kwa ubapa. Lilimpasua mkono chini ya kiwiko, nyama ikaonekana nyeupe kabla damu haijaja. Bienfait akakaa chini, akaubana mkono kifuani. Shoka lilikuwa pembeni yake. Hakulishika. Alilisukuma kwa mguu mpaka likamfikia mwanamke.

"Kata we mwenyewe," akasema. "Mi siwezi kumukata Déo."

Godelieve alimchukia wakati ule kuliko wale wenye bunduki. Akararua kitenge chake, akamfunga jeraha kwa hasira, akikaza hadi mtu mzima akalia. Kisha akaokota shoka.

Alikata akitukana. Alitukana wadudu, akatukana njia ya Misisi, akamtukana hata Mungu, yeye asiyekosa misa. Ndani mti ulikuwa umelainika kama uji. Mabuu yakamwagika miguuni, akayaponda kwa visigino. Mti ukalia, ukaanguka, kichwa kikapasuka barabarani. Alileta bidoni ya mafuta aliyokuwa apeleke sokoni, akaimwaga yote, akawasha.

Wanawake wa mtaa walitoka na mikeka. Hakuna aliyewaita. Walitandika karibu na moto, na Immaculée akaanza kumlilia Déogratias kwa jina, kilio cha msiba. Godelieve aliitazama kuni iliyokuwa ikiwaka karibu na mguu wake. Aliiacha hapo, akaenda kukaa mkekani.