Waya Mbili za Stendi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya pikipiki mtaani Huruma, sikupewa spana. Msimamizi, mtu mfupi ambaye ovaroli yake ilipigwa pasi hata msimu wa tope, alinisimamisha mbele ya pikipiki ya spoti iliyoletwa kuuzwa. Aliniambia niguse injini. Ilikuwa na joto, ilhali muuzaji alikuwa ametuapia kwamba haijawashwa tangu jana.

"Pikipiki ya mtumba ina mdomo wake, na muuzaji ana wake," Msimamizi akasema. "Wewe sikiza wa pikipiki kwanza."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, mwenye pikipiki aliulizwa maswali. Inazima ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukiwa mwendoni au umesimama? Kisha tulianza na vidogo: vichwa vya betri, plagi, na kile kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko cha tangi. Kikiziba, petroli haishuki, na pikipiki hufa baada ya kilomita chache. Nimeona mafundi wakifumua injini nzima kwa sababu ya kitundu hicho, nami sisemi hawakuwa na bidii.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kayole nikiwa fundi mkuu, na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Pikipiki nyingi za spoti zina swichi ndogo kwenye stendi ya pembeni. Ukiingiza gia stendi ikiwa chini, swichi inazima injini ili usiondoke hivyo. Tope likiingia humo, injini inazima ovyo. Dawa ni kuisafisha au kutafuta nyingine, na zote mbili zinataka subira. Mimi nilikata waya zake mbili nikaziunganisha bila kupitia swichi, kazi tuliyoiita kupiga dairekti. Nilizifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu, ncha ikachomekwa chini. Niliwafundisha mafundi wote waliokuwa chini yangu, na kwa maringo.

Msimamizi alipokuja kutukagua aliuona utepe ule. "Hujamtibu mgonjwa," akaniambia. "Umemziba mdomo asilalamike."

Nilimwitikia ndiyo mzee, na alipoondoka nikaendelea.

Mteja wangu mmoja, tarishi wa ofisi, alianguka kwenye kona akavunjika mguu. Alikuja kunisalimu akitembea kwa magongo. "Ni shimo tu, fundi. Barabara zetu unazijua," akasema. Lakini pikipiki ililetwa kwetu, na ncha ya stendi ilikuwa imesagika kwa lami. Alikuwa ameondoka stendi ikiwa chini, na swichi niliyoinyamazisha haikuweza kumwonya. Nilimwambia pole. Sikumwambia lingine, na aibu hiyo ninayo hadi leo. Niliacha kupiga dairekti tangu siku hiyo, lakini sikumweleza fundi yeyote kwa nini. Ningeeleza, ningelazimika kumtaja yule tarishi.

Sasa nimestaafu, naishi Komarock. Mwezi uliopita binti yangu Mwende, ambaye ni muuguzi, alijinunulia pikipiki ya spoti ya mtumba ya kuendea kazini. Hakuniuliza kabla ya kununua; alijua ningesema nini. Alikuja nayo baada ya wiki moja tu.

"Baba, hii kitu inanizimikia kwa matuta. Jana nusura lori inigonge kutoka nyuma."

Nilimuuliza maswali yale yale ya Huruma. Kichwa kimoja cha betri kilikuwa kimelegea, nikakikaza. Akazunguka mtaa, ikazima tena kwenye tuta la kwanza. Nikafuata waya za stendi kwa vidole, nikagusa utepe wa mpira. Mizunguko mitatu, ncha imechomekwa chini. Kiungo kilikuwa kimelegea, na kila tuta lilikitikisa, umeme ukakatika.

Nilikaa chini kwenye saruji. Mwende akachuchumaa kando yangu.

"Ni kazi ya nani hii?"

Ningeweza kusema sijui, maana ni kweli sijui ni mkono gani ulioifunga. "Ni yangu," nikamwambia. "Aliyeifunga nilimfundisha mimi, au alifundishwa na niliyemfundisha." Kisha nikamweleza habari za tarishi, mara ya kwanza kumweleza mtu.

"Basi irudishe vile ilikuwa," akasema.

Swichi ilikuwa bado mahali pake, imejaa tope kavu. Niliiosha kwa petroli, nikaipaka grisi, nikaunganisha waya zake upya kwa risasi ya kulehemu. Ilinichukua asubuhi nzima, kazi ambayo zamani ningeikwepa kwa dakika tano. Nikamwambia Mwende aiwashe, aache stendi chini, aingize gia.

Injini ikakata.

"Imezima, Baba."

"Ndiyo," nikamwambia. "Sasa imepona."