Kuitwa Mama na Baba

Tangu nipate akili, baba ananiita mama. Hapa Likasi si ajabu: binti aliyebeba jina la nkambo, mama mzazi wa baba yake, huitwa hivyo, na baba humheshimu kama mzazi. Kwa hiyo mimi sikupigwa hata siku moja. Ndugu zangu wakivunja kitu walikimbilia nyuma yangu, na baba, fimbo mkononi, akabaki kunung'unika: "Mama, toka hapo." Sikutoka. Kiburi nilikuwa nacho, na bado ninacho.

Nilidhani ni mapenzi tu. Undani wake niliujua siku wakwe walipoleta mahari.

Walitoka Kambove asubuhi, wakakaa uani kwetu, mtaa wa Panda, kwenye viti vya kuazima, wakanyweshwa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Baba hakutoka chumbani. Baba mdogo, msemaji wetu, akasimulia habari za mvua, akasimulia habari za barabara, akarudia za mvua. Mahari haipokewi baba mwenyewe akiwa amejifungia ndani, na kila mtu pale alilijua hilo.

Jikoni sikutulia. Nilifunga kitenge, nikakifungua, nikakifunga tena. Niliosha bilauri zilizokuwa safi. Mama aliyenizaa akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba baraka iko uani na imechoka kungoja. Nilimpenda yule mwanaume wa Kambove, basi. Nilimwona anatazama viatu vyake, nikaogopa kwamba wazee wake watainuka waende zao.

Mwishowe nikaingia chumbani bila kubisha. Baba alikuwa ameketi kitandani na suti yake, kofia juu ya goti.

"Papa, batu banakungojea."

"Najua."

"Sasa?"

"Mama yangu aliisha kuenda Kambove mara moja," akasema.

Ndipo akanieleza, bila kunitazama. Baba yake alipofariki, mama yake aliolewa kule, naye akaachwa Panda kwa mjomba. Alikuwa bado mdogo. Siku moja akamfuata kwa miguu, akabisha hodi. Yule mume mpya alikataa kumfungulia. Mtoto akasimama nje, akimsikia mama yake akikohoa ndani, kisha akarudi alikotoka.

"Mama alijua ni miye," akasema.

Kumbe miaka yote, kila aliponiita, alikuwa anahakikisha kwamba nipo. Nilikasirika. Nilimkasirikia nkambo, nikamkasirikia na baba kwa kunitwika mzigo ambao sikuuomba. Lakini jina lilikuwa langu. Nikaketi karibu naye, nikatamka neno ambalo sikuwahi kuthubutu kulitamka, ingawa haki yake nilizaliwa nayo.

"Mutoto yangu," nikamwambia, "vaa kofia. Tutoke pamoja."

Akavaa. Tukatoka.

Uani baba hakuketi wala hakusalimia. Aliwatazama wazee wa Kambove mmoja mmoja, baba mdogo akimvuta koti ili akae.

"Nikikuja kuona mama yangu," baba akauliza, "mutanifungulia mulango?"

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe wangu akainuka polepole, akaweka kikombe chake chini.

"Mzee," akasema, "ule mulango tutaung'oa."

Ndipo baba akaketi.