Mpini wa Pembe

Mume wangu alikuwa kinyozi. Tuliishi Kwedizinga, naye alikuwa akienda Korogwe kuwanyoa wasafiri wa reli, kisha anarudi nyumbani kwa sala ya Ijumaa. Wembe wake wa kukunja ulikuwa wa dukani, lakini mpini aliuchonga mwenyewe kwa pembe ya ng'ombe. Aliupenda kuliko alivyonipenda mimi. Nilimwambia hivyo mara nyingi, akacheka tu, wala hakukana.

Vita vya Wajerumani vilipokuja, askari walimchukua kuwa mpagazi. Wembe akaniachia mimi, na maagizo yake yalikuwa mengi kuliko buriani: usiuweke juani wala karibu na meko, maji yakiugusa, ukaushe upesi, upake mafuta ya nyonyo kwa kidole gumba, si kwa kitambaa, maana pembe hunywa mafuta yenye joto la mkono. Pembe ikikauka hupinda, mwisho hupasuka.

Nilitii, na si kwa mapenzi tu. Ukoo wa mume wangu una desturi yake: mtu aliyepotelea safarini hafanyiwi matanga mpaka chombo chake cha kazi kivunjike. Nilikusudia mpini ule usipasuke. Kila Ijumaa asubuhi niliupaka mafuta, nikaurudisha kwenye kikapu.

Ijumaa moja nilipoukunjua wembe nikakuta ndevu. Fupi, nyeusi, zimenata penye msumari unaoshika chuma na pembe, zina povu bichi la sabuni. Nyumbani tulikuwa wanawake wawili, mimi na mama mkwe, na sabuni hatukuwa tumeiona tangu vita vianze. Nikampelekea mama mkwe. Akazinusa.

"Ni zake," akasema. "Usimwambie mtu. Futa, upake mafuta."

Tangu hapo zikaja kila Ijumaa. Niliogopa, sikatai. Lakini nilizingoja. Wenzangu waliochukuliwa waume walingoja salamu, mimi nilikuwa na ndevu. Kisha zikaanza kuingia mvi, moja moja, halafu nyingi, na mume wangu aliondoka hana mvi hata moja. Nikawa namwona anazeeka mkononi mwangu, nisijue yuko wapi wala anabebeshwa nini.

Ikaja Ijumaa nikaukunjua, hamna kitu. Na iliyofuata, hamna. Mpini ulikuwa unang'aa, umenyooka, hauna ufa. Nikaendelea kupaka.

Mchana mmoja mama mkwe aliketi karibu nami, akanishika mkono wenye mafuta.

"Mkwe wangu, umemtunza vizuri. Sasa unamzuia. Mwache apumzike."

Nilimjibu vibaya. Nilimuuliza ni mama gani anayeharakisha matanga ya mwanawe. Hakukasirika. Alilia bila sauti, nami nikaelewa kwamba alijua tangu ile Ijumaa tupu ya kwanza, akawa ananingoja mimi.

Nikauweka wembe juani, juu ya jiwe. Haukupasuka. Ulikuwa umeshiba, mafuta yaliutoka matone matone kama jasho la mtu aliyejitwika mzigo. Ulichukua kiangazi kizima. Kila jioni mama mkwe aliuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado, mama," na kila nilipojibu hivyo moyo wangu ulifurahi, kisha ukaona haya.

Siku ulipopasuka tulikuwa wote wawili uani, tunapura mtama. Mlio ulikuwa mdogo, wa ukuni mkavu. Hatukutazamana. Kwao matanga huanza kwa wafiwa kunyolewa nywele, na mjane ndiye hunyolewa kwanza, kwa hiyo niliingia ndani kuchukua maji, nikafungua kilemba changu. Nilipotoka nilimkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda nilichopaswa kukaa mimi, kichwa wazi, ananinyooshea wembe.

"Anza na mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemjua kwanza."