Mlio Usio wa Chuma

Nakiri: ni mimi niliyeficha maparachichi kwenye gari la Mzee Ambakisye. Nimelikana jambo hili zaidi ya miaka thelathini, mara moja nikiwa nimefunga Ramadhani. Lakini kila ninaponusa parachichi lililoiva kupita kiasi, puani huja pia harufu ya grisi, nami narudi Tukuyu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mzee Ambakisye, mfanyabiashara wa ndizi, alijipatia gari la kifahari la zamani, jeusi, refu, lililostaafu Dar es Salaam baada ya kubeba wakubwa. Alilileta kwa baba, fundi wa magari, kwa kuwa lilikuwa likigonga mbele. Baba alilipima kwa desturi yake: alivua viatu, akanawa miguu kama anayekwenda kuswali, akaliendesha pekupeku hadi Kisiba na kurudi. Alisema ugonjwa wa gari hupanda kwa nyayo kabla haujafika masikioni. Bushi za mbele kushoto, zile raba za kuzuia vyuma visigongane, zilikuwa zimelika. Akazibadilisha.

Nami nilikuwa na maparachichi manne ya bibi wa Suma, magumu kama mawe. Nyumbani tulizoea kuyafukia kwenye pumba yaive, na kaka zangu waliijua ile pumba kuliko kuku. Buti la gari jeusi, jua likitoka baada ya mvua, lilikuwa na joto zuri. Nikayasukumia kwenye uwazi kati ya zulia na bati.

Siku ya majaribio, gari likagonga nyuma.

"Fundi, umelihamisha tu," Mzee Ambakisye alisema. "Lilikuwa linagonga mlango wa mbele, sasa linagonga wa uani."

Gereji nzima ikacheka. Baba alibadilisha shokapu, akakaza kila nati; mlio ukabaki. Aliposema mlio ule si wa chuma, walicheka zaidi. Akapewa hadi Ijumaa, la sivyo gari liende kwa mafundi wa Mbeya, na Tukuyu nzima ijue. Aliniuliza kama najua chochote. Nikasema sijui.

Ijumaa gari likawa kimya. Maparachichi yalikuwa yameiva, na kitu laini hakigongi. Moja nilifanikiwa kulichomoa. Mengine mkono haukuyafikia, na harufu iliyofuata wakasingiziwa panya. Mzee Ambakisye alileta mkungu wa ndizi na sifa. Baba alivipokea bila furaha. Tangu hapo hakupima tena gari pekupeku, na kila mlio aliwauliza wenzake, "Ninyi mmesikiaje?"

Nilikuwa chuo kikuu, nikiandika insha ndefu kuhusu ukweli, nilipoelewa: jina lake lilisalimika, lakini nilimnyang'anya masikio. Hata hivyo niliendelea kukana.

Juzi baba akanipigia simu. Mjukuu wa Mzee Ambakisye analifufua lile gari, amelipeleka kwake alipime.

"Wamefumua zulia la buti," akasema. "Wamekuta kokwa nne za parachichi."

"Tatu, Baba," nikamsahihisha. "Moja nililitoa."

Kikaja kicheko cha kizee, kirefu.

"Basi masikio yangu yalikuwa mazima."

Kabla hajakata, nilimsikia akimwomba mama maji ya kunawa miguu.