Kulungu wa Sponji

Jirani wa chini aligonga mlango wangu akitaka kujua ninakwangua nini kila Jumamosi. Nilimwonyesha kipande cha mti kilicholala juu ya meza ya jikoni, vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. "C'est un arc," nikamwambia, ni upinde. Alikitazama, akanitazama, akaniomba nisikwangue saa ya chakula cha mchana, akashuka. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo katika jengo lile la Berchem-Sainte-Agathe, hapa Brussels, nami naishi humo tangu mke wangu na mimi tulipoachana.

Upinde ule ulikuwa wa matanga. Baba yangu alifariki kwetu Kivu wakati barabara zimefungwa kwa vita, nikamlilia kwenye simu. Aliacha shamba, mbuzi na nyumba ya mabati, na katika hivyo vyote sikutaka hata kimoja. Nilitaka upinde wake tu, ule mweusi kwa moshi na kwa mafuta ya mikono yake, aliokuwa akiutundika juu ya kitanda. Kwetu, upinde wa marehemu huenda kwa mtoto wa kwanza, lakini haupewi bure. Kabla matanga hayajaisha, na kwetu huchukua miezi, ni lazima atengeneze wa kwake mwenyewe, amwangushe mnyama kwa mshale mmoja. Akishindwa, unakwenda kwa mdogo wake. Mdogo wangu anauza simu mjini, na najua angeutundika dukani karibu na kalenda.

Baba mdogo ndiye mkubwa wetu sasa. Nilimweleza kwa simu kwamba huku Ubelgiji ni marufuku kuwinda kwa upinde, kwamba nikikamatwa nitapoteza kazi.

"Na nyama haiko kule?" akauliza.

"Iko, papa mudogo. Asubuhi mu forêt bakulungu banapita sawa mbuzi ya muntu. Lakini ni ya kuangalia tu."

Hapo nikamtajia, nusu kwa mzaha, klabu moja nje kidogo ya Brussels, ambako watu hutembea msituni wakipiga kwa mishale wanyama wa sponji ngumu. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alilipeleka jambo lile kwa wazee, nao wakalijadili kwa makini kama wanavyojadili mahari, kisha akanipigia tena.

"Bon. Wazee banasema, kama inchi ilikataza nyama ya muzima, piga ile ya sponji. Utatuma video. Lakini ile ingine yote ifanyike vile inafanyikaka. Na muntu wa nyuma akuwe."

Mtu wa nyuma ndiye aliyenitoa jasho. Kwetu hakuna anayewinda peke yake. Mwenye upinde hutangulia, na mwenzake humfuata hatua chache nyuma. Mshale ukiingia, aliyepiga haruhusiwi kusogea wala kumgusa mnyama wake. Husimama palepale akaliita jina la mwenzake. Yule huitika "Niko," hupita mbele, humgusa mnyama, humbeba mabegani mpaka nyumbani, na ndiye hukatiwa nyama wa kwanza. Mnyama ambaye hakuitiwa mtu huhesabiwa kwamba hakuwindwa, hata awe mnono namna gani. Baba alikuwa akimwita rafiki yake wa tangu ujana, na sisi watoto tulilisikia jina lile kutoka ng'ambo ya bonde, tukajua leo tunakula.

Basi nikaanza kutafuta mtu wa kumwita. Katika kanisa letu la Koekelberg yupo mwimbaji mmoja ambaye huniletea pondu, kisamvu cha dada yake, kila Pasaka, nikamwendea huyo.

"Tonton, dimanche ni mubaya," akasema. "Kuko répétition ya kwaya, alors kiisha kuko baptême, banabatiza mutoto. Ungeniambia mapema."

Nilimwambia achague Jumapili yoyote. Akasema atanipigia.

Nikamwambia mwenzangu wa kazini, mtu wa Lubumbashi. Sisi wawili tunasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja upande wa Woluwe-Saint-Lambert. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo namshukuru.

"Donc tuende mu baridi, tubebe nyama ya plastique," akasema. "Vieux, unalalaka vizuri kweli?"

Alikisimulia chumba kizima cha mapumziko kisa hicho, nikaitwa chasseur, mwindaji, kwa majuma. Nilicheka nao. Ni watu wema, wana watoto, wana safari ndefu za treni na tramu, na hakuna aliyenikosea. Lakini nikiwa nyumbani nilikasirika, nikautia upinde tupa kwa hasira mpaka nikahofia kuuvunja. Mchana kutwa nasukuma watu wanaonishika mkono wa shati wasitake niwaache kwenye korido. Nikitoka pale, hakuna anayejua kama nimefika nyumbani au sikufika. Ule ni upweke, sina neno jingine la kuuita.

Matanga yalikaribia kuisha, nikaenda hivyohivyo. Upinde ulikuwa umetoka mzuri, ukipinda sawasawa juu na chini, na kitu kile kilinipa furaha ambayo sikuwa na wa kumwonyesha. Klabuni walinipanga na kikundi cha wastaafu. Walinisalimu vizuri, wakaushika upinde wangu kwa heshima, wakausifu. Mama mmoja mwenye buti za mpira alikubali kunipiga video kwa simu yangu. Tuliitana monsieur na madame.

Kulungu alisimama kati ya miti, kichwa amekigeuza kama aliyesikia tawi likikatika. Ubavu wake ulikuwa umetobolewatobolewa na mishale ya watu, na sikio moja lilikuwa limeungwa kwa gundi. Nilitaka kucheka. Kisha nikavuta ugwe, na kicheko kikaisha, kwa sababu mkono ulijiweka wenyewe pale kidevuni ambapo baba aliuweka wake. Nikaachia. Mshale ukaingia nyuma ya bega, mahali pa moyo.

Nikasimama. Wastaafu walipiga makofi kidogo, kisha wakangoja niende kuchomoa mshale wangu, maana kwao kila mtu huchomoa wake, na kabla hujachomoa, anayekufuata hawezi kupiga. Mimi nami nilingoja. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi iko tayari, na jina halikuwepo. Yule mwimbaji ningeweza kumtaja, lakini nani angeitika "Niko"? Yule mama alikuwa hatua chache nyuma yangu, pale hasa anapostahili kusimama mtu, ameishika simu kwa mikono miwili, na sikuwa nimemuuliza anaitwa nani. Ningeweza kugeuka nimuulize. Nilishindwa. Niliona aibu kumwita mtu asiyejua anaitiwa nini.

"Monsieur?" akasema hatimaye, akinyoosha kidole kwenye mshale. "Votre flèche."

Nilimwambia kwamba siruhusiwi kumgusa mnyama. Hakuuliza kwa nini. Alinirudishia simu, akaenda, akauchomoa mshale kwa kukanyaga tumbo la kulungu, akaniletea. Nilimshukuru mara nyingi kupita kiasi.

Video niliituma nikiwa bado kwenye basi. Baba mdogo alipiga jioni, nikasikia sauti za watu wengi nyuma yake, na sufuria, na mbuzi.

"Tuliona," akasema. "Ulilenga muzuri. Mushale iliingia pa moyo kabisa, sawa ya papa yako."

Nikaikaza simu sikioni.

"Lakini kiisha pale sauti inapotea. Tulirudilia mara mingi. Tulisema pengine simu yetu inaharibika, tukatia mu simu ingine. Jina hatukusikia."

"Simu ni muzima, papa mudogo. Sikuita muntu."

Sauti za nyuma yake zikanyamaza moja baada ya nyingine, nikajua wote walikuwa wakisikiliza. Nilijiandaa kusikia kwamba upinde ni wa mdogo wangu. Hilo wala hakulisema, tulilijua sote wawili.

"Mutoto yangu," akauliza polepole, "kule unakulaka na nani?"