Mchumba Niliyemtungia Mwandishi wa Vita

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron, mwenye ukumbi wa video, alinikabidhi maikrofoni iliyofungwa kitambaa, akanikalisha kando ya televisheni, akasema: "Mama Josée, batu ya Kabondo habalipi ili basikie Kifaransa. Weye ndiye mudomo ya filamu. Bon, anza." Nilikuwa na sauti ya kuuzia samaki sokoni na Kifaransa cha shule ya masista, basi. Jasho lilinitoka mpaka nyayoni, na kabla filamu haijaisha nilikuwa nimemuua mtu mmoja mara mbili kwa mdomo wangu.

Ninyi wa simu za mkononi hamuwezi kuijua kazi hiyo. Ukumbi wetu pale mtaani Kabondo ulikuwa wa mabati, mabenchi ya mbao, na groupe, yaani jenereta, ikinguruma nyuma ya ukuta. Asubuhi nilisafisha vichwa vya mashine ya kanda kwa pamba na spiriti, la sivyo picha ingejaa chenga. Mchana nilikaa, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti, wa kulia kwenye maikrofoni. Mchezaji akifungua mdomo, unapunguza sauti yake unaingia wewe. Bunduki zikilia unaiachia, maana bunduki hazihitaji mkalimani. Kazi hiyo sisi tuliiita kubeba filamu. Mbebaji akichelewa, watu walimpigia miluzi. Mimi walinipigia, nikawajibu kwa maikrofoni ileile. Ee, nilikuwa na mdomo mimi!

Filamu za vita ndizo zilizojaza mabenchi, na mara kwa mara ilikuja moja yenye mwanamke mwandishi wa habari: kizibao cha mifuko mingi, daftari mkononi, kamera shingoni, anakimbia huku wanaume wamelala chini. Nilizipenda hizo kupita zote. Lakini Patron alikuwa na sheria yake.

"Mwanamuke hawezi kwenda kwa vita bure," alisema. "Batu batauliza: bwana yake iko wapi? Donc, umupatie fiancé."

Basi nikampa mchumba. Kila mwandishi wa kike aliyepita kwetu alikuwa anamtafuta mchumba aliyepotea vitani. Akiandika, nasema ni barua ya mapenzi. Akipiga picha maiti, nasema anaangalia kama ni yeye. Watu walilia! Mama mmoja wa mtaa wa Kapalata, mke wa askari ambaye hakuwahi kurudi, alikuja kila Jumamosi kuona kama mchumba amepatikana. Nilijivuna, sitaficha.

Binti yangu Josée alikuwa bado mwanafunzi, na Kifaransa chake kilishapita changu. Jumamosi moja tulikuwa tunarudi nyumbani kwa miguu kutoka ukumbini, akasema:

"Mama, ulimudanganyia ule mwanamuke ya filamu. Mukubwa ya askari alimuuliza anafanya nini pale. Akajibu: nilikuya kuona, ili niende kusema. Weye ukasema alikuya kutafuta mupenzi."

"Kazi yangu inataka vile."

"Na yeye alikuwa na kazi yake."

Nilitaka kumzaba kofi, kweli. Tulifika, tukamenya ndizi za jioni. Lakini maneno yake yalinikaa rohoni. Sisi wenyewe tulishalala chini ya vitanda risasi zikipita juu ya mabati, na mtaani kwetu hakuna aliyekuja kutuuliza tumeona nini.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa filamu ileile. Mkubwa wa askari alipouliza, nikasema kama alivyojibu: "Nilikuja kuona, ili niende kusema." Mtu akapaza sauti: "Na fiancé?"

"Hana fiancé. Iko kwa kazi."

Patron akazima groupe. Picha ikafa. "Mama Josée, unaniharibia salle ya video!" Nikajua nimefukuzwa. Ndipo yule mama wa Kapalata aliposimama, mikono kiunoni. "Washa, Papa. Ninataka kuona kile anaenda kuona." Wengine wakapiga mabenchi kwa viganja mpaka groupe ikawaka. Patron alikaa juma zima bila kunisalimia, lakini kazi yangu nilibaki nayo.

Baadaye kanda zikaisha, zikaja diski, kisha simu, na ukumbi ukawa depo ya saruji. Abbé, padre wa parokia, akanichukua niwabebee filamu akina mama wa kanisa, mpaka koo likakataa. Josée akaingia redioni. Asubuhi moja nilikuwa napiga lituma kinuni, ndizi za kuchemshwa zikinirushia mvuke usoni, akaja na mkoba mgongoni. Redio ilikuwa inamtuma mashariki, kwenye vita.

Na mimi, mimi huyu, nikamuuliza: "Unafuata nani kule?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimshika mkoba nikamsihi, nikalia bila aibu. Siku hiyo nilimwelewa Patron, na nilielewa kwa nini watu walimtaka yule mchumba. Anayemtafuta mchumba akimpata hurudi nyumbani. Anayekwenda kuona, atasema lini kwamba ameona vya kutosha?

Aliuondoa mkono wangu polepole. "Mama, filamu hii uibebe vizuri," akasema, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, akaenda.

Siku hizi nimestaafu, sauti inakwaruza. Kila mchana naweka redio mezani na kungoja. Asiposikika, chakula hakipiti. Jirani huniuliza, "Bwana yake iko kule?" nami humjibu, "Hapana. Iko kwa kazi." Kisha sauti ya Josée inaingia, na mkono wangu wa kushoto unakimbilia kitufe kwa mazoea, uipunguze ili niingie mimi. Naushika. Naongeza sauti mpaka mwisho, nanyamaza.