Karani Aliyevusha Watu Luapula kwa Miguu

Mtu akiniomba kitabu cha kusoma, sikawii kujibu. Namtolea kile chenye jalada la kijani, kilichoandikwa na karani wa stesheni ambaye hakuna aliyemtuma kuandika. Kinasimulia zamani za misafara ya shaba na chumvi, kabla ya reli kufika kwetu, kabla Élisabethville yetu haijawa mji. Binti mmoja mbeba chumvi anatoroka mikononi mwa wateka watu, yeye na mfua shaba mzee, na wanakwenda nchi nzima wakiwindwa, wakimtafuta kaka wa yule binti. Nimekisoma hadi kurasa zimelegea, na bado kuna mahali nikifika moyo unanienda mbio.

Nilikipata mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, miaka ile baada ya vita ya pili ya Wazungu. Tulikaa katika nyumba ya matofali kwenye kampi ya wafanyakazi: mimi, mume wangu na mama yake. Siku moja mume wangu alirudi kutoka kazini nacho kwapani.

“Karani anaviuza mwenyewe, anavibeba ndani ya mfuko,” aliniambia. “Alishauriwa akigeuze kiwe kitabu cha mafundisho. Akakataa. Akauza kinga yake, akaenda kwa mchapaji wa kadi za harusi.”

Kinga kwetu ni baiskeli. Nikawaza, mtu aliyekubali kwenda kazini kwa miguu kwa ajili ya kitabu lazima ana jambo la kusema. Nilikimaliza kwa siku mbili, na maharage yakaungua mara mbili. Kisha nikaanza kukisifu kila mahali, hasa kwa wanawake wenzangu tuliokuwa tukijifunza ushonaji.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Kasenga, kando ya mto Luapula, aliyekuja mjini kumfuata mumewe migodini. Hakujua kusoma, na hakuwa na hamu na hadithi za kwenye karatasi. “Ni bongo tu ya bantu ba biro,” alisema; uongo wa watu wa ofisini. Lakini Jumapili moja baada ya misa alikuwa uani akisafisha samaki, nami nikaketi karibu nikaanza kumsomea bila kuombwa. Aliendelea kupara magamba. Tulipofika sura ya pili, kisu kilikuwa kimesimama.

Tangu siku hiyo, kila alasiri nilisikia sauti yake: “Mama, leta ile kitabu.” Aliniita Mama, kama nami nilivyomwita yeye.

Tulikwenda vizuri hadi sura ya saba. Hapo binti na mfua shaba wanafika Luapula, wateka watu wakiwa nyuma yao, na wanavuka kwa miguu huku mvua ikinyesha.

“Simama,” alisema. “Soma tena.”

Nikasoma tena.

“Ni mu mwezi ya mvula?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na maji inafika mu magoti?”

“Ndivyo alivyoandika.”

“Basi banakufa hapa, bote babili. Kitabu inaisha.”

Nilimwambia kuwa zimebaki sura nyingi, na mazuri yako mbele. Akarudi kwa samaki wake. Siku tatu hakutaka kusikia neno. Ya nne aliniuliza karani yule anatoka wapi. Nikamjibu, Kasai.

“Basi aandike mito ya kwabo. Luapula aiache, ao akuje aniulize.”

Jumamosi nilikwenda stesheni kumwona karani. Nilimkuta mtu mwembamba, tai imefungwa sawasawa, akiandika majina ya miji juu ya masanduku ya mizigo. Nilipomwambia nimesoma kitabu chake na nimekipenda, alisimama. Nilipomwambia habari ya mto, aliketi tena.

“Madame,” alisema taratibu, “huo mto sijauona. Nimeuona kwenye ramani tu. Ni mstari mwembamba.”

Kesho yake alikuja kwetu na daftari. Alivua kofia, akamsalimia mama mkwe kwa heshima, akauliza yote aliyotaka kuuliza. Naye akamweleza: mtumbwi wa gogo moja, matete yanayoficha ukingo, viboko, na jinsi mkondo unavyosikika kabla hujauona. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kueleza matete, kwamba mama yake mwenyewe alivuka hapo akikimbia wateka watu, na mtoto mgongoni. “Ule mutoto, ni miye.”

Karani aliacha kuandika. “Nisamehe, Mama.”

“Hapana, andika tu. Kusikia iko muzuri. Lakini wende uone.”

Akaenda. Aliomba ruhusa kazini, akapanda lori linaloleta samaki mjini, akakaa wiki nzima Kasenga kwa wapwa wa mama mkwe. Alirudi moja kwa moja nyumbani kwetu, midomo imepasuka, suti inanuka samaki, na kikapu cha samaki wa moshi kutoka kwa ndugu. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto.

Baada ya miezi kadhaa kitabu kilipigwa chapa upya. Mtumbwi ulikuwemo, na matete, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni anayeshika kafi pale mpiga kafi anapochoka. Nilimsomea mama mkwe sura nzima bila kupumzika. Alisikiliza amefumba macho.

“Sasa banavuka,” alisema. “Endelea.”

Tulikimaliza wiki ile ile. Mwisho wake sikwambii, usome mwenyewe. Mama mkwe alidai nakala yake, akaifunga kwa kitenge na kuitia sandukuni, na mgeni yeyote aliyejua kusoma hakuondoka kabla ya kumsomea sura ya saba.

Karani akawa mtu wa nyumbani. Baadaye aliandika kitabu kingine, cha mambo ya ndoa za mjini. Nilikisoma chote, kwa heshima. Aliponiuliza nimekionaje, nilimwambia karatasi yake ni nzuri sana. Alicheka mpaka akavua miwani, akaniomba nimwongezee chai.